Data ni Ndogo, Jumla Si Ndogo

Programu ya takwimu ya R huhifadhi nambari kamili kwa biti 32. Biti moja hubeba alama ya chanya au hasi, 31 zinazosalia hubeba thamani, kwa hiyo nambari kubwa kuliko zote inayotoshea humo ni 2,147,483,647. Hesabu ikivuka hapo, hata kwa kimoja, nambari imefurika. R huweka NA mahali pa jibu, yaani thamani isiyojulikana, kisha hutoa onyo. NumPy, maktaba ya hesabu inayotegemewa na wachanganuzi wengi wa Python, haisemi kitu: vekta ya nambari kamili ikifurika, thamani huruka hadi upande wa hasi na kazi ikaendelea. Mpaka huu hausogei kwa sababu kompyuta ni mpya. Kompyuta ya biti 64 ina anwani pana za kumbukumbu, lakini nambari kamili za R ndani yake ni zile zile za biti 32.

Katika Kisumu na kaunti nyingine za ufuo wa Ziwa Viktoria, kama ilivyo kwingi Afrika Mashariki, jambo hili halimkoseshi mtu usingizi. Rai iliyotawala katika ofisi za mipango, katika miradi ya afya na uvuvi na katika madarasa ya vyuo ina sehemu mbili. Sehemu moja inasema kufurika ni tatizo la wenye data kubwa: ni habari za roketi ya Ariane 5 iliyolipuka tarehe 4 Juni 1996 baada ya nambari kushindwa kutoshea katika biti 16, au za YouTube iliyolazimika kupanua kihesabio chake mwaka 2014 video moja ilipoufikia mpaka wa biti 32. Kaunti yenye majedwali ya mistari mia chache haihusiki. Sehemu ya pili inasema kwamba hata pale tatizo linapoweza kutokea, waandishi wa programu wamekwisha kulimaliza, na mchanganuzi hana la kufanya. Sehemu zote mbili si kweli. Ya kwanza inaipima hatari kwa kipimo kisicho chake. Ya pili inachukua marekebisho ya mahali pamoja na kuyatangaza kuwa ya programu nzima.

Kinachofurika ni jumla, wala si vekta. Jumla ya vekta yenye vipengele viwili inaweza kufurika, na ya vekta yenye vipengele milioni mia moja inaweza kupita salama. Kinachoamua ni ukubwa wa vinavyojumlishwa na kipimo vilichoandikiwa. Hapo ndipo sarafu inapoingia. Sensa ya 2019 ilihesabu watu 1,155,574 katika Kaunti ya Kisumu na 993,183 katika Kaunti ya Siaya, jumla 2,148,757. Kila mmoja wao akiandikiwa shilingi 1,000 tu, jumla inakuwa shilingi 2,148,757,000, na mpaka umevukwa kwa zaidi ya milioni moja. Kaunti mbili na noti moja ya elfu kwa kila mkazi: hiyo ndiyo data inayoitwa ndogo. Mgao wa Kaunti ya Kisumu kutoka kwa serikali ya kitaifa katika mwaka wa fedha wa 2021/22 ulizidi shilingi bilioni 8, kwa hiyo kidogo zaidi ya robo yake inatosha kuijaza nambari kamili ya R. Mchanganuzi anayeandika kwa dola angehitaji bajeti kubwa zaidi ya mara mia moja ili akutane na ukuta huo huo. Ng'ambo ya ziwa hali ni kali zaidi, kwani bilioni 2.147 za shilingi ya Uganda au ya Tanzania hazifiki dola milioni moja. Vitabu vingi vya mafunzo ya R vimejaa mifano ya dola na euro, na wasomaji wa huku wamerithi utulivu wa waandishi pamoja na mifano yao.

Si fedha peke yake. Omena ufuoni huuzwa kwa gorogoro na debe, lakini mizani ya kidijitali na daftari za watafiti huandika gramu. Kwa gramu, mpaka wa biti 32 ni tani 2,147, ilhali samaki wanaovuliwa upande wa Kenya wa ziwa kwa mwaka huhesabiwa kwa makumi ya maelfu ya tani. Katika afya, Taasisi ya Utafiti wa Matibabu ya Kenya, KEMRI, ina kituo Kisian, nje kidogo ya Kisumu, na ufuatiliaji wa kaya huko Asembo na Gem, Kaunti ya Siaya, umeendelea tangu 2001. Kazi ya namna hiyo huhesabu muda kwa siku-mtu: mkazi mmoja akifuatiliwa siku moja. Eneo lenye wakazi 220,000 huzaa siku-mtu milioni 80.3 kila mwaka. Kwa kasi hiyo jumla limbikizi huvuka mpaka katika mwaka wa ishirini na saba. Programu iliyoandikwa mwanzoni mwa ufuatiliaji, ikajaribiwa, ikathibitishwa na kutumika robo karne bila doa, huanza kutoa NA bila mtu kugusa hata herufi yake moja. Ufuatiliaji wa muda mrefu una thamani kwa sababu haukatiki. Urefu huo huo ndio unaousogeza hadi kwenye mpaka.

Namna kosa linavyojificha huonekana vizuri katika kaunti tatu zinazoizunguka Ghuba ya Winam. Jedwali lina mistari mitatu tu: Kisumu watu 1,155,574, Homa Bay 1,131,950, Siaya 993,183. Safu ya pili ni makadirio ya gharama fulani kwa kila mkazi, shilingi 2,000. Faili ni ya CSV na imesomwa kwa read.csv, ambayo huitazama kila safu na kuichagulia aina yake. Safu yenye nambari zisizo na nukta, zote zikitoshea katika biti 32, hufanywa nambari kamili. Kwa hiyo safu zote mbili zimekuwa nambari kamili bila mtu kuagiza. Zikizidishwa, Siaya inapata 1,986,366,000, na hilo ni jibu sahihi. Kisumu ilistahili 2,311,148,000 na Homa Bay 2,263,900,000. Zote mbili zinapata NA, na onyo moja linaandikwa chini. Kisha inafuata jumla. Data za nyanjani huwa na mapengo, kwa hiyo mchanganuzi amezoea kuandika sum pamoja na na.rm=TRUE, agizo la kuruka kila NA. Jibu linatoka: 1,986,366,000. Jumla ya kweli ni 6,561,414,000. Kaunti mbili kati ya tatu, pamoja na jiji lenyewe, zimefutika kwenye makadirio, na kilichobaki ni nambari nadhifu, inayosomeka, iliyo tayari kuingia kwenye ripoti.

Uzito wa kosa hili uko katika mwelekeo wake. Mapengo ya kawaida hutawanyika: dodoso lililoloa mvua, kaya iliyofungwa mlango siku ya mahojiano, daftari la ufuo lililokosa ukurasa. Mapengo ya kufurika huchagua. Huwakata walio wakubwa na kuwaacha walio wadogo, kwa hiyo wastani hushuka, tofauti kati ya maeneo husinyaa, na eneo lenye watu wengi zaidi ndilo linalopotea. R ina alama moja tu ya NA kwa nambari kamili. Swali ambalo halikujibiwa na jibu lililokuwa kubwa mno huandikwa sawasawa, na baada ya hapo hakuna anayeweza kuvitofautisha kwa kutazama safu. Kanuni nyingi za kitakwimu za kushughulikia mapengo hudhani kwamba pengo halikuletwa na thamani iliyokosekana yenyewe. Hapa sababu ni ukubwa wa thamani yenyewe.

Inafaa kuona pia jinsi kitu kidogo kinavyoligeuza jambo lote. Kama kiwango kimoja kati ya vile vitatu kingeandikwa 2,000.50, safu nzima ingesomwa kuwa desimali na hesabu ingepita salama. Kama 2000 ingeandikwa moja kwa moja kwenye msimbo badala ya kutoka kwenye faili, ingepita pia, kwa sababu R huihesabu nambari iliyoandikwa hivyo kuwa desimali. Faili ile ile ikisomwa kwa read_csv ya kifurushi cha readr badala ya read.csv, safu za nambari huwa desimali. Tofauti ya alama moja katika jina la kazi ndiyo inayoamua kama Kisumu itakuwemo kwenye jumla. Na mtu anayesafisha data kwa bidii, akaondoa senti zisizo na maana na kuacha shilingi kamili, ndiye anayeikaribisha hatari. Kuiita data hiyo ndogo hakumkingi na lolote kati ya haya.

Watetezi wa rai ya utulivu hujibu kwamba onyo lilitolewa, na asiyesoma maonyo amejitakia. Jibu hili lina sura ya haki lakini halitazami kazi inavyofanyika. Ripoti za kila mwezi huendeshwa na msimbo ulioandikwa na mtu mwingine, mara nyingi mtu aliyekwisha kuhamia mradi mwingine. Zinapotengenezwa kwa R Markdown, wengi huweka warning=FALSE mwanzoni ili ukurasa wa wakubwa usichafuke. Zinapoendeshwa usiku na kompyuta peke yake, maonyo huenda kwenye faili ambayo hakuna anayeifungua. Na hata kwenye skrini, onyo la kufurika huja limechanganyika na maonyo mengine kumi yasiyo na madhara, ya tarehe na ya majina ya safu. Mfumo unaomtegemea binadamu aone mstari mmoja kati ya mingi, kila mwezi, kwa miaka, umekwisha kuamua kwamba siku moja hatauona.

Tena onyo hilo ni la R. Katika NumPy halipo. Mwongozo wake unaeleza bayana kwamba jumla ya nambari kamili huzunguka ikifurika na hakuna kosa linalotangazwa. Hadi toleo la 2.0 lilipotoka Juni 2024, NumPy kwenye Windows ilitumia biti 32 kwa nambari kamili pasipo kuagizwa vingine, wakati kwenye Linux ilitumia 64. Msimbo mmoja ulitoa majibu mawili: sahihi kwenye seva ya chuo, potofu kwenye kompyuta ya ofisi. Kaunti tano za ufuo wa ziwa, yaani zile tatu za ghuba pamoja na Migori yenye watu 1,116,436 na Busia yenye 893,681, zina jumla ya watu 5,290,824. Kwa shilingi 2,000 kila mmoja, gharama ni 10,581,648,000. Zikihesabiwa kwa biti 32, Kisumu, Homa Bay na Migori zinakuwa hasi, lakini jumla ya zote tano, ikiisha kuzunguka mara mbili, inatua kwenye 1,991,713,408. Ni nambari chanya, ya mabilioni, isiyo na dalili yoyote ya ugonjwa. Anayetazama jumla peke yake hana sababu ya kushtuka, ingawa amepoteza zaidi ya shilingi bilioni nane na nusu. Wanaosema kwamba kufurika hujitangaza kwa alama ya hasi hawajaifuata hesabu hadi mwisho.

Rai ya data ndogo inaanguka vibaya zaidi kwenye kuzidisha kuliko kwenye kujumlisha. Kipeo cha pili cha 46,340 kinatoshea katika biti 32. Cha 46,341 hakitoshei. Mshahara wa shilingi 50,000 kwa mwezi ukizidishwa kwa wenyewe, kama inavyofanywa katika kutafuta mtawanyiko kwa mkono, umekwisha kufurika mtu akiwa na mstari mmoja wa data. Katika R, kuandika kipeo kwa alama ya ^ huleta desimali na kuokoa jahazi, lakini x mara x huacha nambari kamili ilivyo. Hali kadhalika kuhesabu jozi. Anayelinganisha wagonjwa 50,000 waliopimwa malaria na kukutwa hawana dhidi ya 43,000 waliokutwa nayo, kwa jaribio la Wilcoxon au kwa eneo lililo chini ya mkunjo wa utambuzi, huzidisha idadi hizo mbili na kupata jozi 2,150,000,000. Katika R, urefu wa vekta na hesabu ya TRUE hutoka kama nambari kamili, kwa hiyo zao lao ni NA. Waandishi wa R walilijua hili: ndani ya kazi ya wilcox.test, urefu wa kila kundi hugeuzwa kwanza kuwa desimali kabla ya lolote kuzidishwa. Walioijenga programu walijikinga hata katika urefu wa vekta mbili za kawaida, na hapo ndipo inapoonekana kwamba kujikinga si kazi ya wenye data kubwa peke yao.

Vekta kubwa kwelikweli nazo zipo ziwani, na ni kosa kuzungumza kana kwamba hazipo. Magugu maji yaliyovamia Ziwa Viktoria kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1980 hufuatiliwa kwa picha za setilaiti. Sentinel-2 hupiga picha yenye pikseli za mita 10 kwa 10, na kwa setilaiti mbili hupita mahali pamoja kila baada ya siku tano. Ghuba ya Winam, yenye takriban kilomita za mraba 1,400, ni pikseli milioni 14 kwa picha moja, na picha 73 za mwaka ni zaidi ya pikseli bilioni moja. Swali rahisi kabisa, la ni pikseli ngapi zilizofunikwa na magugu, huwa vekta ya kweli na si kweli ambayo kabla ya miaka mitatu kuisha ina vipengele vingi kuliko nambari kamili ya R inavyoweza kuhesabu. Anayejumlisha mwangaza wenyewe hafiki hata picha ya pili. Thamani za Sentinel-2 huandikwa kwa kipimo cha elfu kumi. Pikseli milioni 14 huvuka mpaka wastani wake ukizidi 153 tu. Jani la gugu maji hurudisha mwanga mwingi wa infraredi, na wastani wa sehemu iliyofunikwa hupita hapo kwa mbali. Programu nyingi za ramani hujumlisha kwa desimali na haziathiriki. Anayeathirika ni yule aliyezitoa pikseli kwenye programu hizo na kuziweka katika biti 32 ili kubana kumbukumbu ya kompyuta ndogo.

Hapo ndipo sehemu ya pili ya rai inapojitokeza: kwamba programu zimelimaliza jambo. Historia ya R inaonyesha ni kiasi gani kimemalizwa. Toleo la 3.0.0 la Aprili 2013 liliruhusu vekta zenye vipengele zaidi ya 2,147,483,647. Aina ya nambari kamili haikupanuliwa, kwa hiyo vekta iliweza kuwa ndefu kuliko kihesabio chake. Mwongozo wa R unaeleza kwamba tangu toleo la 3.5.0, la Aprili 2018, sum hurudisha nambari kamili inapowezekana na desimali isipowezekana. Ni marekebisho mema, yaliyostahili kufanywa. Lakini yanahusu kazi moja. Kujumlisha kwa alama ya + bado hufurika. Kuzidisha bado hufurika. Jumla limbikizi ya cumsum, ile inayotumika kuchora mkunjo wa wagonjwa au wa mapato tangu Januari, bado hugeuka NA pale mpaka unapovukwa na kubaki NA hadi mwisho wa mwaka. Katika mfano wa Ghuba ya Winam, marekebisho ya sum hayakusaidia chochote, kwa sababu madhara yalikwisha kufanyika kwenye kuzidisha, hatua moja kabla.

Wapo wanaokubali haya na kutoa dawa moja kwa yote: kila kitu kiwe desimali ya biti 64. Kwa shilingi kamili dawa hii ni nzuri, na hakuna sababu ya kuipinga. Desimali hizo huhifadhi kila nambari kamili bila kosa hadi 9,007,199,254,740,992. Bajeti ya taifa la Kenya, ambayo ni matrilioni machache, haisogelei hapo. Lakini dawa inayomezwa bila kujua inatibu nini huleta ugonjwa mwingine, na mfano wake uko kwenye Stata, inayotumiwa sana na watafiti wa afya na uchumi. Stata hukokotoa ndani kwa desimali za biti 64, hivyo haifuriki kama R. Safu mpya, hata hivyo, huihifadhi kwa float ya biti 32 isipoagizwa vingine, na float huhifadhi nambari kamili bila kosa hadi 16,777,216 tu. Gharama ya Kisumu, 2,311,148,000, ikiwekwa humo inakuwa 2,311,148,032. Shilingi 32 za ziada hazimfilisi mtu. Namba ya kaya 30,000,001 ikiwekwa humo inakuwa 30,000,000, namba ya kaya ya jirani, na hapo wagonjwa wa nyumba mbili wanaunganishwa kuwa wa nyumba moja. Neno desimali peke yake halitoshi. Lazima isemwe ni ya biti ngapi. Namba za kaya, za vitambulisho na za simu hazijumlishwi kamwe, na mahali pake ni maandishi.

Senti nazo zina lao. Desimali za mfumo wa jozi haziwezi kuandika senti kumi kwa ukamilifu, kwa hiyo mamilioni ya malipo madogo yakijumlishwa, mabaki hujikusanya, na jibu hutegemea mpangilio wa kujumlisha. R hupunguza hitilafu hiyo kwa kukusanya jumla katika desimali pana ya biti 80 pale kichakataji kinapoiruhusu. Vichakataji vya Intel huiruhusu. Kompyuta za Apple zenye vichakataji vya ARM hazina, na tarakimu za mwisho zinaweza kutofautiana kati ya meza mbili za ofisi moja. Kwa fedha, njia salama ni kuhifadhi senti kama nambari kamili za biti 64. Katika R hizo hupatikana kupitia kifurushi cha bit64, na fread ya data.table huzisoma moja kwa moja. Kifurushi hicho kisipokuwepo, nambari zile zile huonekana kama desimali ndogo ajabu zinazokaribia sifuri. Hakuna aina ya data inayomwondolea mchanganuzi wajibu wa kuijua.

Mfano bora wa jinsi programu inavyopaswa kufanya uko kwenye hifadhidata ya PostgreSQL, inayobeba DHIS2, mfumo wa taarifa za afya uliosambazwa kote Kenya mwaka 2011. Jumla ya nambari kamili za biti 32 katika PostgreSQL hutoka kwa biti 64. Jumla ya zile za biti 64 hutoka kwa aina pana isiyofurika. Zao la nambari kamili mbili likivuka mpaka, kazi husimama na kosa hutangazwa. Haitoi nambari ya uongo, haiweki pengo linaloweza kurukwa. Ukali huo unaweza kuletwa kwenye R pia: options(warn=2) hugeuza kila onyo kuwa kosa linalosimamisha kazi, na colClasses katika read.csv humruhusu mchanganuzi kutaja aina ya kila safu badala ya kuiacha ikisiwe. Kabla ya kujumlisha, thamani kubwa kuliko zote ikizidishwa na urefu wa vekta, kwa desimali, huonyesha kama mpaka unaweza kufikiwa. Baada ya kuzidisha, idadi ya NA isizidi ilivyokuwa kabla. Hayo yote ni mistari michache ya msimbo.

Pingamizi linalobaki ni la kumbukumbu, na lina mantiki kwa anayefanya kazi kwenye kompyuta ya gigabaiti 8. Pikseli za mwaka mmoja za Ghuba ya Winam, bilioni moja na milioni 22, huchukua takriban gigabaiti 4.1 kwa biti 32 na 8.2 kwa biti 64. Kuigeuza vekta yote kuwa desimali kwa as.numeric kabla ya kuijumlisha huzihitaji nakala zote mbili kwa pamoja, na kompyuta hiyo hukwama. Lakini kugeuza vekta nzima si lazima. Kinachohitaji upana ni mahali pamoja jumla inapokusanywa, nako ni baiti 8, vekta iwe ya vipengele vitatu au vya bilioni tatu. Vekta hukatwa vipande, picha moja kwa kila kipande. Kipande hugeuzwa desimali peke yake, kikajumlishwa, na jumla yake kuongezwa kwenye jumla kuu ya biti 64. Kipande cha picha moja, pikseli milioni 14, huhitaji megabaiti 112 kwa muda kinapojumlishwa, kisha huachiliwa kabla ya kinachofuata kusomwa.